Kuchunguzwa Kabla ya Kununua Bunduki Marekani: Sheria Inasema Nini, na Waislamu Wanaguswa Vipi?



Kila yanapotokea mauaji ya bunduki Marekani, iwe shuleni, dukani, kanisani au msikitini, mjadala ni ule ule: je, aliyeua alichunguzwa kabla ya kuuziwa silaha? Wapo wanaosema sheria ikikazwa mauaji yatapungua. Wapo wanaosema mhalifu hajali sheria, na anayesumbuliwa ni raia mwema tu. Ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili wanaishi huko, wanasali katika misikiti ya huko na wanapiga kura huko. Suala hili linawagusa pande mbili. Misikiti ni miongoni mwa sehemu zinazolengwa na wenye chuki. Na Waislamu ni miongoni mwa watu ambao majina yao huingizwa katika orodha za serikali bila wao kujua.

Kwa hiyo tumeona ni vyema tueleze jinsi sheria inavyofanya kazi, inavuja wapi, na kila upande una hoja gani. Hapa hatutoi fatwa. Tunalitaka jambo lieleweke kwanza, kisha kila mmoja apime.

Mnunuzi anapoingia dukani

Msomaji wa Afrika Mashariki amezoea kwamba anayetaka bunduki huenda kuiomba kwa mamlaka, hueleza sababu, na yeye ndiye mwenye kazi ya kuonyesha kwamba anastahili. Marekani ni kinyume. Marekebisho ya Pili ya Katiba yao, yaliyopitishwa mwaka 1791, yanaitambua silaha kuwa ni haki ya raia. Mnunuzi hadaiwi sababu. Ni serikali inayotakiwa kuonyesha kwamba mtu huyu haruhusiwi.

Katika duka lenye leseni, mnunuzi huonyesha kitambulisho na kujaza fomu ya serikali kuu yenye namba 4473. Humo huulizwa kama amewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa, kama anatumia dawa za kulevya, kama kuna amri ya mahakama dhidi yake, na kama bunduki hiyo anainunua kwa ajili yake mwenyewe. Muuzaji hupeleka taarifa hizo kwenye mfumo wa taifa unaojulikana kwa ufupi kama NICS, unaoendeshwa na shirika la upelelezi la FBI. Katika baadhi ya majimbo hupitia kwanza kwa mamlaka ya jimbo.

Majibu ni matatu: uza, usiuze, au subiri. Mara nyingi jibu hutoka ndani ya dakika chache. Jibu likiwa "subiri", FBI hupewa siku tatu za kazi kutafuta ukweli. Siku tatu zikipita bila jibu, sheria ya taifa inamruhusu muuzaji kuuza. Nukta hii tutairudia, kwa sababu watu wamekufa kwayo.

Sheria hii ilitoka wapi

Mwaka 1963 Rais John F. Kennedy aliuawa kwa bunduki iliyoagizwa kwa posta. Mwaka 1968 wakauawa Martin Luther King na Robert Kennedy. Mwaka huo huo Bunge la Marekani likapitisha Sheria ya Kudhibiti Bunduki, iliyotaja aina za watu wasioruhusiwa kumiliki silaha. Lakini hapakuwa na njia ya kuhakiki. Mnunuzi aliandika mwenyewe kwamba yeye si mhalifu, na duka likamwamini.

Tarehe 30 Machi 1981 Rais Ronald Reagan alipigwa risasi mjini Washington. Msemaji wake, James Brady, alijeruhiwa kichwani na kubaki na ulemavu. Yeye na mkewe Sarah walipigania sheria ya uchunguzi kwa miaka mingi, hadi Rais Bill Clinton alipoitia saini tarehe 30 Novemba 1993. Mwanzoni mnunuzi wa bastola alisubiri siku tano ili achunguzwe. Mwezi Novemba 1998 ukaanza mfumo wa papo hapo unaotumika sasa, unaohusu bunduki za aina zote.

Nani haruhusiwi?

Sheria ya taifa inawakataza, pamoja na wengine: aliyetiwa hatiani kwa kosa linaloweza kuadhibiwa kwa kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja, anayekimbia mkono wa sheria, aliyelazwa kwa amri katika hospitali ya akili, aliyetiwa hatiani kwa kumpiga mke, mume au mwenza, aliye chini ya amri ya mahakama ya kumlinda mwenza wake, asiye na kibali halali cha kuwepo nchini, na mtumiaji wa dawa zilizopigwa marufuku. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au utalii, naye hukatazwa isipokuwa katika hali chache. Mkaazi wa kudumu haingii katika katazo hilo.

Hapa ndugu zetu wa Afrika Mashariki wawe macho. Miraa, au mirungi kama inavyoitwa Tanzania, huuzwa hadharani Kenya. Lakini kathinoni iliyomo katika majani mabichi ya miraa imewekwa na sheria ya Marekani katika daraja la juu kabisa la dawa zilizokatazwa. Mtu anayetafuna miraa huko kisha akajaza kwenye fomu kwamba hatumii dawa yoyote iliyokatazwa, anajiweka katika hatari ya kushitakiwa kwa kusema uongo. Na bangi ni vivyo hivyo: fomu yenyewe inaonya kwamba kwa sheria ya taifa imekatazwa, hata kama jimbo limeiruhusu.

Vilevile, kumnunulia mtu mwingine bunduki kwa jina lako, kwa sababu yeye haruhusiwi au hataki kuchunguzwa, ni kosa ambalo tangu mwaka 2022 linaweza kumfunga mtu hadi miaka 15. Kwa asiye raia, kosa la silaha linaweza pia kuwa sababu ya kufukuzwa nchini. Mtu akikuomba umsaidie "kuchukua tu" bunduki dukani, mkatalie, hata awe jamaa.

Matundu matatu

Wanaotaka sheria ikazwe huonyesha matundu matatu.

La kwanza ni muuzaji asiye na leseni. Sheria ya taifa inamlazimisha mwenye leseni ya biashara kumchunguza mnunuzi. Mtu binafsi anayemuuzia mkaazi mwenzake wa jimbo lile lile halazimiki, almuradi hajui wala hana sababu ya kuamini kwamba mnunuzi amekatazwa. Mauzo hayo hufanyika nyumbani, katika maonyesho ya bunduki na kwa matangazo ya intaneti. Majimbo kadhaa, yakiwemo California, Colorado, Washington na New York, yameziba tundu hili kwa sheria zao. Mengi hayajaziba, na bunduki husafiri kwa gari kutoka jimbo moja hadi jingine.

La pili ni zile siku tatu. Tarehe 17 Juni 2015 kijana mmoja aliwaua waumini tisa Wamarekani Weusi katika kanisa la Emanuel huko Charleston, South Carolina, baada ya wao kumkaribisha katika darasa lao la dini. Miezi miwili kabla alikwenda kununua bastola. Mfumo ulisema "subiri", kwa sababu alikuwa amewahi kukamatwa kwa dawa za kulevya. Mchunguzi alitafuta maelezo kamili katika ofisi isiyo sahihi, siku tatu zikapita, na duka likauza. Mkuu wa FBI wa wakati huo, James Comey, alikiri hadharani kwamba hakupaswa kuuziwa.

La tatu ni kumbukumbu zisizofika. Mfumo unajua tu kile ulichopelekewa. Mwaka 2007 mwanafunzi aliwaua watu 32 katika chuo cha Virginia Tech. Mahakama ilikwishamwona kuwa hatari kwa nafsi yake na kumwamuru apate matibabu, lakini habari hiyo haikuingizwa kwenye mfumo, akanunua bastola zake kwa njia halali. Tarehe 5 Novemba 2017 watu 26 waliuawa kanisani Sutherland Springs, Texas, hesabu inayojumuisha mtoto aliyekuwa tumboni. Muuaji alikuwa askari wa zamani wa Jeshi la Anga, aliyetiwa hatiani na mahakama ya kijeshi mwaka 2012 kwa kumpiga mkewe na mtoto wa kambo. Jeshi halikupeleka kumbukumbu hizo. Alichunguzwa, na akapita. Mwaka 2021 jaji alisema serikali inabeba sehemu kubwa zaidi ya lawama, asilimia 60.

Msomaji azingatie: katika visa hivi vyote sheria ilikuwepo, fomu ilijazwa, na uchunguzi uliitishwa. Kilichokosekana ni habari sahihi kufika mahali pake kwa wakati.

Hoja za kila upande

Wanaounga mkono uchunguzi wa lazima kwa kila mauzo wanasema haina maana kufunga mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi. Kura za maoni kwa miaka mingi zimeonyesha kwamba zaidi ya Wamarekani wanane katika kila kumi wanakubaliana nao, wakiwemo wenye bunduki. Hata hivyo, baada ya watoto 20 na watu wazima sita kuuawa katika shule ya Sandy Hook mwezi Desemba 2012, muswada wa maseneta Joe Manchin na Pat Toomey wa kupanua uchunguzi ulipata kura 54 dhidi ya 46. Zilihitajika 60, ukaanguka.

Wanaopinga nao wana hoja zinazostahili kusikilizwa. Wanasema wahalifu hawapiti dukani. Katika uchunguzi wa serikali uliofanywa magerezani mwaka 2016, miongoni mwa wafungwa waliokuwa na bunduki walipotenda makosa yao, takriban asilimia 43 walisema waliipata mitaani au katika soko la magendo, na asilimia 7 tu waliinunua kwa jina lao kwa muuzaji mwenye leseni. Wanasema pia kwamba uchunguzi wa kila mauzo hauwezi kusimamiwa bila daftari la taifa la wenye bunduki, na wanaogopa daftari hilo siku moja litatumika kuwanyang'anya. Sheria ya mwaka 1986 inakataza daftari la namna hiyo, na kumbukumbu za mnunuzi aliyeruhusiwa hutakiwa kufutwa ndani ya saa 24. Tena huuliza: mama anayetishiwa na mume waliyeachana, asubiri siku ngapi?

Upande wa pili hujibu kwamba bunduki za mitaani hazikuota kama uyoga. Nyingi zilianzia dukani, zikahama mkono kwa kuuzwa au kuibwa. Ikiwa mauzo ya pili hayaulizwi, njia ya magendo huwa nyepesi.

Utafiti unasaidia kidogo hapa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walitazama Connecticut, ambayo mwaka 1995 ilianza kumtaka mnunuzi wa bastola apate kwanza kibali, na Missouri, ambayo mwaka 2007 ilifuta kibali kama hicho. Waliona mauaji ya bunduki yakipungua Connecticut na kuongezeka Missouri. Lakini utafiti mwingine kuhusu California, uliotazama uchunguzi wa mauzo yote bila kibali cha aina hiyo, haukuona mabadiliko ya wazi. Inaonekana kuna tofauti kati ya simu ya dakika chache na utaratibu unaomfanya mtu afike mwenyewe, atoe alama za vidole na kusubiri.

Na lipo jambo linalosahauliwa katika kelele hizi. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki Marekani. Zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Kwa wengi wa hao bunduki ilikwishakuwa ndani ya nyumba, na hakuna fomu ya dukani inayoweza kuona huzuni iliyoingia baadaye.

Baada ya watoto 19 na walimu wawili kuuawa Uvalde, Texas, mwezi Mei 2022, Bunge lilipitisha sheria iliyotiwa saini na Rais Joe Biden tarehe 25 Juni 2022. Kwa mnunuzi aliye chini ya miaka 21, wachunguzi sasa hutazama pia kumbukumbu zake za utotoni, na wanaweza kupewa hadi siku kumi za kazi. Sheria hiyo ilitoa pia fedha kwa majimbo yenye utaratibu wa mahakama kumwondolea mtu silaha kwa muda anapoonekana kuwa hatari kwake au kwa wengine. Uchunguzi wa kila mauzo haukuwemo.

Orodha za siri na majina ya Waislamu

Tarehe 12 Juni 2016 mtu aliyetangaza utiifu kwa kundi la ISIS aliua watu 49 katika klabu ya usiku mjini Orlando, Florida. FBI ilikwishamchunguza na kufunga faili lake. Mara ikasikika kauli: asiyeruhusiwa kupanda ndege asiruhusiwe kununua bunduki. Ilionekana ni akili ya kawaida tu. Takwimu za serikali zilionyesha kwamba kati ya mwaka 2004 na 2015 watu waliokuwa katika orodha ya washukiwa wa ugaidi walichunguzwa zaidi ya mara 2,400 ili wapate silaha, na takriban asilimia 91 ya maombi hayo yaliruhusiwa, kwa kuwa kuwemo katika orodha peke yake si katazo la kisheria. Tarehe 20 Juni 2016 Seneti ilipigia kura mapendekezo manne. Yote yalianguka.

Waliopinga hawakuwa wapenda bunduki peke yao. Watetezi wa haki za raia, likiwemo shirika la ACLU, nao walipinga, kwa sababu orodha hizo hutengenezwa kwa siri, kwa kushuku, bila mtu kufikishwa mahakamani. Waislamu wanalijua hili kwa uzoefu. Mwaka 2014 jaji wa Oregon, katika kesi ya Waislamu kadhaa waliozuiwa kupanda ndege, aliamua kwamba utaratibu uliokuwepo wa kujitetea haukukidhi Katiba. Wengine walishitaki wakisema waliwekwa katika orodha kwa kukataa kuwapeleleza Waislamu wenzao. Mwezi Desemba 2020 Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja kwamba wanaweza kuwadai fidia maafisa waliohusika.

Tofauti ni hii. Anayekataliwa na mfumo wa NICS ana haki ya kuuliza sababu na kukata rufaa. Majina hufanana, na makosa hutokea. Mohamed Ali wako wengi. Lakini aliye katika orodha ya siri anajibu nini, ikiwa hajui anatuhumiwa nini wala na nani? Dini yetu imetufundisha kuthibitisha habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, na kwamba anayedai ndiye mwenye kuleta ushahidi. Mafundisho hayo yanaunga mkono uchunguzi wa haki, na wakati huo huo yanaukataa mtego wa dhana.

Funzo la Christchurch

Wapo wanaosema Waislamu wangetulia tu, huu ni ugomvi wa Wamarekani. Tukumbuke Christchurch, New Zealand. Siku ya Ijumaa tarehe 15 Machi 2019 Waislamu 51 waliuawa, Allah awarehemu, baada ya kushambuliwa katika Msikiti wa Al Noor na kituo cha Kiislamu cha Linwood. New Zealand ilikuwa na sheria kali kuliko Marekani: mtu hupewa leseni baada ya kuhojiwa na polisi, na wanaomfahamu nao huulizwa. Muuaji alipewa leseni mwaka 2017. Tume ya Kifalme iliyochunguza ilieleza kwamba polisi hawakufuata viwango vinavyotakiwa walipoipitia leseni yake, hasa katika kuhakikisha kwamba waliomdhamini wanamjua vya kutosha.

Waziri Mkuu Jacinda Ardern hakusubiri. Tarehe 10 Aprili 2019 Bunge lilipiga marufuku bunduki nyingi zinazojijaza risasi zenyewe, kwa kura 119 dhidi ya moja, serikali ikazinunua kutoka kwa wenyewe, na mwaka 2023 daftari la taifa la silaha likaanza. Marekani haiwezi kunakili yote hayo, kwa sababu ya Katiba yake na bunduki karibu milioni 400 zilizomo mikononi mwa raia. Lakini somo la leseni ile linavuka bahari: anayeuliza maswali akifanya hivyo kutimiza wajibu wa karatasi, muuaji hupita.

Basi Muislamu asimame wapi?

Rai yetu ni kwamba Muislamu wa Marekani anaweza kuunga mkono uchunguzi wa mnunuzi katika kila mauzo bila kuusaliti uhuru wake, akishikilia masharti mawili. La kwanza, mahakama, majeshi na polisi walazimishwe kupeleka kumbukumbu zilizo kamili na kwa wakati, na mchunguzi apewe muda wa kutosha. La pili, hakuna anayenyimwa haki kwa orodha asiyoweza kuiona na kuipinga mbele ya jaji. Kudai sharti la kwanza na kusahau la pili ni kuwaweka watoto wetu katika daftari la washukiwa. Kudai la pili tu ni kuacha milango ya misikiti wazi kwa aliyekwisha kuonyesha nia yake.

Kwa upande wa nyumbani, Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza waliopita msikitini na mishale washike ncha zake wasije wakamjeruhi mtu. Mwenye bunduki leo aifungie, risasi aziweke mbali nayo, na watoto wasijue ufunguo ulipo. Ukimuuzia mtu silaha, hata kama jimbo lako halikulazimishi, mpitishe kwa muuzaji mwenye leseni achunguzwe. Ada yake ni ndogo kuliko majuto. Ukikataliwa kimakosa, usijibishane na mwenye duka: omba sababu kwa maandishi na ukate rufaa. Na ukimwona ndugu amezama katika huzuni au hasira na ana silaha ndani, usingoje. Zungumza naye, ihamishe silaha kwa njia inayoruhusiwa na sheria ya jimbo lako, na watafute wenye utaalamu wa kumsaidia.

Allah azihifadhi nyumba Zake na wote wanaoziendea, na awape subira waliopoteza wapendwa wao. Wallahu a'lam.